Ufa wa kiangazi na mvua ya Septemba

Wamama, wababa, vijana wa Kadutu hapa Bukavu, karibuni. Mafuriko na maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, ya Mei 2023 mnayajua, wengine mmezika ndugu kule, sitayarudia. Mimi nimekuja kwa ajili ya ufa wa ardhi kwenye mteremko juu ya nyumba zetu. Ndiyo, ufa tena! Na mkiniita mwakani nitausema, maana bado watu wanauruka asubuhi wakienda sokoni.

Kuanzia Juni hadi Agosti udongo wetu wa mfinyanzi unakauka, unasinyaa, unapasuka. Pandeni nyuma ya nyumba mtazame. Mara nyingine utakuta ufa umekata mteremko kwa upana, umejipinda kama upinde, vidole vinaingia, na ukingo wa chini umeshuka kuliko wa juu. Ukishaona ukingo umeshuka, usisingizie jua: kilima kimeanza kutembea. Mvua za kwanza zikinyesha, maji yanadumbukia humo moja kwa moja, yanafika kwenye tabaka ngumu, yanajaa, yanasukuma. Udongo unapoteza mshiko, na watu wamelala.

Mtaniambia hatari ni Aprili na Mei, ardhi ikishashiba. Ni kweli, inashiba. Lakini Kalehe ilizika watu Oktoba 2014 pia, msimu ukiwa bado mchanga. Mwingine atasema, "Ufa huu nimeukuta tangu enzi za baba, nyumba imesimama." Waulizeni wa mtaa wa Funu, hapa hapa mjini! Pale mlima unateremka polepole mwaka hadi mwaka, kuta zinapasuka, watu wanaziba, zinapasuka tena. Na mteremko unaokwenda polepole unaweza kukimbia usiku mmoja ukinyweshwa.

Kwa hiyo kazi ni ya Agosti. Panua mdomo wa ufa kwa jembe, jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, shindilia tabaka kwa tabaka, juu uache kigongo ili maji yateleze. Usitie mchanga wala takataka, vinapitisha maji. Kisha chimba mfereji juu yake, upeleke maji kwenye kanivo (mtaro wa maji), usimwelekezee jirani wa chini. Hapo umezuia maji tu, kilima hujakisimamisha. Ufa ukifunguka tena, au mlango ukaanza kukwama, toa watoto usiku huo huo, wakalale kwa ndugu, ndipo umwite shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa.

Ya maji ya mabati, nyasi za mabingobingo na taka tunazotupa mtoni tutayasema siku nyingine: naona muda umekwisha. Wenye ufa juu ya nyumba wabaki, tupande pamoja sasa hivi kabla mawingu hayajafunga.