Simu yangu, kioo cha nani?

MWANAIDI: Habari za jioni wasikilizaji, karibuni tena kwenye Bisibisi. Mimi ni Mwanaidi, mwanasheria, na niko na kaka Elia ambaye kabla ya kukaa mbele ya kipaza sauti alikaa miaka sita kwenye meza ya ufundi pale Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Kaka Elia, wiki hii ujumbe umemiminika, na wengi wanauliza kitu kilekile. "Nimebadilisha kioo, sasa simu inaniandikia kwamba kioo hakitambuliki. Fundi kaniibia?"

ELIA: Asante dada Mwanaidi. Nianze na jibu, maana najua kuna mtu kashika simu yake sasa hivi roho haijatulia. Inawezekana kabisa hujaibiwa. Ujumbe ule hausemi kioo ni kibovu. Unasema hiki si kile kilichotoka na simu kiwandani, na aliyeitengeneza simu hajakipa ruhusa. Hayo ni mambo mawili, na watu wanayachanganya, mpaka mafundi wamegombana na wateja wao wa miaka.

MWANAIDI: Hata kama kioo ni ori?

ELIA: Hata kama ni ori. Chukua simu mbili mpya za aina moja, zimetoka kwenye boksi leo. Zifungue, badilisha vioo, cha hii weka kwenye ile. Hapo hakuna kopi, hakuna feki. Kuna simu ukizifanyia hivyo zote mbili zinalalamika. Kioo kina chipu ndogo yenye namba yake, na bodi ya simu ilishaandikishwa namba hiyo kiwandani. Ukileta kioo chenye namba nyingine, bodi inakikataa, au inakikubali nusunusu. Picha unaiona, ukigusa kinaitika, lakini mwanga haujirekebishi wenyewe, au simu haikutambui tena usoni.

MWANAIDI: Mara ya kwanza kukutana nalo ilikuwaje?

ELIA: Sitaisahau. Alikuja mwalimu mmoja wa Mbagala, mama mtu mzima, na simu ya bei aliyoletewa na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Kampuni siitaji. Kioo kimepasuka pembe mpaka pembe. Mimi nilikuwa na simu ya aina ileile iliyokufa kwa maji, kioo chake kizima kabisa. Nikamwambia mama, kaa hapa, dakika ishirini tu. Nikafunga, ikawaka, safi. Anajaribu kuifungua kwa uso, inagoma. Nikarudisha kile kilichopasuka, uso unakubali. Nikaweka kizima, unakataa. Nimefanya hivyo mara nne, na mama ananitazama tu. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu sikuwa nimevunja kitu. Nikamrudishia hela yake.

MWANAIDI: Na yeye akaamini umeiharibu.

ELIA: Ungekuwa wewe ungeamini nini? Nilikuja kuelekezwa na fundi mwenzangu baadaye. Dawa yake ni kuivua ile chipu kwenye kioo cha zamani na kuihamishia kwenye kipya. Chipu ni ndogo mno. Unahitaji darubini ya mezani, mashine ya hewa moto, lehemu, na mkono usiotetemeka. Kazi ya dakika ishirini inakula saa tatu. Wako vijana pale Aggrey wanaifanya vizuri sana, na hakuna shule iliyowafundisha. Lakini fundi wa Nachingwea mwenye bisibisi tatu na kipasha moto kimoja ndiyo basi tena, kazi hiyo haimhusu.

MWANAIDI: Sasa nikulete kwenye sheria, maana wengi wanadhani hili limezuka jana. Kuna kesi ya Australia ambayo kila anayebishana kuhusu mambo haya anapaswa kuijua. Kati ya mwaka 2014 na 2016, wenye iPhone walikuwa wakisasisha programu ya simu, simu inazima na kuandika "Error 53". Wengi wao walikuwa wamebadilishiwa kitufe cha alama ya kidole, au kioo, kwa fundi wa nje. Simu nzima inageuka tofali. Apple ikasema ni ulinzi, kwamba kitufe kile kinabeba alama ya kidole chako. Februari 2016 ikatoa programu ya kuzifufua. Lakini tume ya ushindani na walaji ya Australia, ACCC, ilishafuatilia. Apple ilikuwa imewaambia wateja wasiopungua 275 kwamba kwa kuwa simu ilifunguliwa na fundi mwingine, hawana haki ya kusaidiwa. Juni 2018 mahakama ikaitoza faini ya dola milioni 9 za Australia.

ELIA: Mahakama ilisema kuifunga simu ikatae spea ya fundi wa nje ni kosa?

MWANAIDI: Hapana, na hapo ndipo pa kusikiliza vizuri. Kosa lilikuwa kumwambia mteja kwamba haki zake zimekufa kwa sababu tu alikwenda kwa fundi mwingine. Mahakama haikugusa kufuli lenyewe, yaani ile programu inayoikataa spea. Na kufuli lina mlinzi wake, sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, kifungu cha 1201. Kilitungwa ili watu wasidurufu filamu na muziki. Kinakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki. Sasa programu iliyo ndani ya simu ni kazi yenye hakimiliki. Iliyo ndani ya trekta pia.

ELIA: Na ya printa.

MWANAIDI: Na ya printa. Kila miaka mitatu wenzetu wa Marekani hukusanyika kuomba misamaha ya kifungu hicho kwa mkutubi wa Bunge lao, hebu fikiria, mkutubi ndiye anayetoa ruhusa. Mwaka 2018 msamaha wa kutengeneza simu ulipatikana. Lakini unamruhusu mtu kuvunja kufuli ili atengeneze, haumruhusu mwingine kumuuzia kifaa cha kulivunjia. Ni sawa na kukuruhusu kuchimba kisima na kupiga marufuku majembe dukani.

ELIA: Hilo linaniuma, dada.

MWANAIDI: Lakini kuna hukumu moja naipenda. Mei 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Lexmark, watengenezaji wa printa. Waliuza katriji za wino kwa sharti usizijaze tena. Jaji Mkuu Roberts akatoa mfano wa gereji inayotengeneza magari yaliyotumika na kuyauza. Hoja yake ni kwamba gereji ile inaishi kwa sababu ina hakika kwamba mwenye gari ni mwenye gari. Kama kila kampuni iliyotengeneza spea ingebaki na haki zake za hataza, yaani haki za mvumbuzi, baada ya kuuza, gereji isingefungua mlango. Kwa hiyo ukishauza, haki yako ya hataza kwenye kile kitu imekwisha.

ELIA: Gereji ya Tabata na meza ya Aggrey ni kitu kimoja.

MWANAIDI: Sasa nikubane kidogo. Mwaka 2023 nimeporwa simu dirishani mwa daladala pale Mwenge. Simu yenyewe ilikuwa imefungwa, mwizi asingeweza kuitumia. Basi kwa nini aliiba? Kwa sababu ya kioo, betri na kamera. Spea zikikataa kukaa kwenye simu nyingine, biashara hiyo inakufa. Mimi niliyeporwa nalitaka kufuli hilo.

ELIA: Sikukatalii. Nimeletewa spea asubuhi na kijana anayetazama nyuma kila dakika, bei ya kutupa. Nilikataa, na najua mwingine alichukua. Hilo lipo na lazima tuliseme. Lakini kufuli la namna hii linamfungia mwizi na mimi kwa pamoja. Simu yangu iliyokufa kwa maji niliinunua kwa risiti. Kwa nini kioo chake kihesabiwe cha wizi?

MWANAIDI: Na kampuni itajuaje tofauti?

ELIA: Inajua! Aprili 2024 Apple wenyewe walitangaza kwamba spea ori zilizotumika zitakubaliwa kwenye baadhi ya iPhone, na mwishoni mwa mwaka huo ikaanza kazi. Unafunga kioo, simu inaingia mtandaoni, inakisajili. Na papo hapo wakasema spea ikitoka kwenye simu ambayo mwenyewe aliifunga kwa kuibiwa, inawekewa mipaka. Yaani cha wizi kinazuiwa, cha halali kinapita. Miaka yote tuliambiwa haiwezekani, ukilegeza kufuli unamkaribisha mwizi. Kumbe orodha ya simu zilizoibiwa ilikuwepo siku zote.

MWANAIDI: Hapo umenishika. Na tarehe yenyewe inasema kitu. Machi 2024, gavana wa jimbo la Oregon alikuwa ametia saini sheria ya kwanza Marekani inayokataza kufunga spea kwa namna hii kwenye vifaa vipya. Apple ilikwenda mbele ya wabunge kukipinga kipengele hicho. Sheria ikapita. Ilianza kutumika Januari 2025.

ELIA: Kwa hiyo walisukumwa.

MWANAIDI: Mimi nasema walisukumwa, ingawa siwezi kuingia mioyoni mwao. Ulaya nayo imekaza. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima spea zake zipatikane miaka saba baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa, na betri ifikishe mizunguko 800 ya chaji ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake.

ELIA: Naomba niseme kuhusu betri, kwa sababu hapo watengenezaji wana hoja. Betri mbovu inawaka moto. Nimeiona ikivimba mkononi mwangu. Hivyo simu ikimwambia mteja "betri hii sio ya kwetu", mimi fundi naunga mkono. Aelezwe. Hata anayenunua simu ya mtumba anastahili kujua imewekwa nini ndani. Ninachokataa ni kumzimia vitu. Niambie, usinizuie. Ukinionya umeniheshimu. Ukinizimia uso au kidole kwa sababu sikurudi dukani kwako, basi hukuniuzia simu, umenikodisha.

MWANAIDI: Na huko dukani kwao ni wapi, ukiwa Songea?

ELIA: Ndilo swali. Apple walianza kuuza spea na miongozo kwa watu wa kawaida Aprili 2022, Marekani, kisha wakaenda Ulaya. Mama wa Mbagala angeagiza vipi?

MWANAIDI: Sisi hapa, sheria zetu zimezoea swali moja tu, ni feki au si feki. Mnaukumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016? Nchi nzima tulikuwa tunabonyeza nyota reli sifuri sita reli, kila mtu ana wasiwasi kama simu yake itazimwa na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano. Swali la siku ile lilikuwa la ufeki. Suala la kioo ori kilichokataliwa na simu ori halina nafasi kwenye swali hilo. Wenzetu Kenya wana kitu ambacho sisi hatuna. Katiba yao ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Kikamilifu! Mimi kama mwanasheria, neno hilo lingenitosha kwenda mahakamani kudai ramani ya bodi na mwongozo wa ufundi. Natamani wakili mmoja wa Nairobi anisikie, avuke Luthuli Avenue, azungumze na mafundi pale, halafu afungue shauri.

ELIA: Atapata mashahidi mia kabla ya chakula cha mchana.

MWANAIDI: Bado kwenye wizi sijahama kabisa, kaka. Kufuli la spea za wizi nalitaka libaki, na lisiwe la kampuni moja tu.

ELIA: Libaki. Kwa hilo tuko pamoja. Ila mwenye kulifungua awe mwenye simu.

MWANAIDI: Tumalizie na aliyetuandikia, dada wa Morogoro anayepeleka simu kwa fundi kesho. Umwambie nini?

ELIA: Dada yangu, kabla simu haijafunguliwa, uliza mambo matatu. Kioo ni ori au kopi, na akuandikie kwenye risiti. Ana uwezo wa kuhamisha chipu, ndiyo au hapana. Na ukishafungiwa, jaribu uso, kidole, kamera zote mbili na mwanga ukiwa bado umekaa palepale kwenye benchi. Halafu kile kioo chako kilichopasuka usikiache. Mafundi wengi hubaki nacho na wateja hawakiulizi, wanaona ni takataka. Kina ile chipu ambayo simu yako inaijua. Kifunge kwenye gazeti, kaweke kabatini. Yule mama wa Mbagala alikichukua cha kwake, na miezi mitano baadaye, nilipokwisha kujifunza, alirudi nacho kwenye mkoba.