Chogo la Mama na Kile Kitambaa

GASPER: Tunarekodi? Haya. Leo Mwana kaingia hapa kanuna, hata salamu kaitoa nusu, kwahiyo kabla ya yale mambo matano tuliyowaahidi kuhusu taka za elektroniki, aseme kwanza kimempata nini.

MWANAIDI: Si chogo la mama, ile TV ya zamani yenye mgongo mkubwa.

GASPER: Lile la Tandika? Limekufa?

MWANAIDI: Tumeliua sisi. Jumamosi tumemletea TV flati, kaka zangu wakasema chogo litoke, sebule yenyewe ndogo. Akapita kijana wa skrepa na guta, kile kispika chake kinaimba friji mbovu, TV mbovu, betri mbovu, nikamwita, akatoa elfu tatu akabeba. Mi roho kwatu, najua linaenda kurejelezwa huko. Nusu saa baadae naenda dukani nakuta kalilaza pembeni ya mtaro, kashavunja shingo kwa nyundo, anavuta ile koili ya kopa. Kopa kwenye guta, bodi kwenye guta, afu kioo chote na ganda la plastiki kaviacha palepale kaondoka zake. Watoto washafika, mmoja kaokota kipande anajitazama kama kioo cha saluni.

GASPER: Dah. Na kitambaa?

MWANAIDI: Kitambaa gani?

GASPER: Cha kufuma! Kile cheupe chenye maua ya pinki, kilikuwa kinaning'inia mpaka kwenye skrini, taarifa ya habari ikianza mtu anatumwa akakikunje.

MWANAIDI: Gasper, nakwambia habari ya risasi, we unaniuliza kitambaa.

GASPER: Risasi?

MWANAIDI: Madini, sio ya bunduki. Kioo cha chogo kile cha nyuma kimechanganywa na risasi ili kuzuia mionzi isimfikie anayeangalia, TV moja risasi yake inaweza kuzidi kilo. Likiwa zima halina shida. Ukilipondaponda ukaacha mvua inyeshee pembeni ya mtaro, hapo ndo shida, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto, hiyo haina mjadala.

GASPER: Hapo nimekuelewa. Ila lile chogo lina historia yake bwana, mi nimeangalia mpira kwa mama yako tumekaa chini kama thelathini, ndala zimerundikana mlangoni, ikianza chenga mtu anapanda juu kuzungusha antena, huku tunapiga kelele hapohapo hapohapo, rudisha!

MWANAIDI: Ile antena tulikuwa tumefunga na mfuniko wa sufuria.

GASPER: Kwetu ilikuwa uma. Nyumba nyingine chogo lilikuwa linafungiwa kabatini na kufuli, mpaka baba arudi kazini.

MWANAIDI: Na ujue tarehe 31 Desemba 2012 Dar ilipozimiwa analojia, watu walisema machogo ndo basi tena. Mama akanunua king'amuzi, maisha yakaendelea. Fundi wa pale Tandika kabadilisha flaibaki, kile kifaa cha umeme mkubwa ndani ya TV, mara mbili, swichi ya kuwashia ikafa, tukawa tunaibana na kijiti cha kiberiti. Lile alilinunua 1998! Yani hao wanaokaa semina za uchumi wa mzunguko, kutumia kitu kwa muda mrefu badala ya kukitupa, wangekuja kumuuliza mama.

GASPER: Na kitambaa muda wote kipo.

MWANAIDI: Kipo, kinafuliwa kila Ijumaa.

GASPER: Sasa hapo ndo mi nasema kijana wa skrepa usimlaumu. Yule ndo anakusanya mji huu.

MWANAIDI: Nimlaumu nani? Kaacha sumu mlangoni kwa watu.

GASPER: Kaacha kisichonunuliwa. Kioo hamna anayekipima kwenye mzani. Mdogo wangu fundi simu pale mtaa wa Aggrey, simu mbovu tatu anatoa nzima moja, bodi zilizobaki anaweka kwenye kiroba anauza kwa kilo, hatupi hata skurubu. Kwanini? Kuna mnunuzi. Wajapani walitengeneza medali karibu 5,000 za Olimpiki ya Tokyo kwa vifaa vya zamani, watu wakatoa simu milioni 6.21, ikapatikana dhahabu kilo 32. Bodi ina pesa, kioo hakina.

MWANAIDI: Ndo nasema sasa, anayeingiza TV bandarini alipie kabisa gharama ya kuizika siku ikifa. Kwa hiyo pesa kioo kitakuwa na mnunuzi.

GASPER: Na yeye ataitoa wapi? Ataipachika kwenye bei. Mama yako lile chogo asingelinunua.

MWANAIDI: Mama bei ameshalipa, na mtoto wa jirani analipa sasa hivi.

GASPER: Mwana, ukipandisha bei unamfungia mtu wa Mbagala mlango wa teknolojia. Mtumba ndo umetufikisha hapa.

MWANAIDI: Mtumba mwingine umekuja umeshakufa! Bamako mwaka 1991 Waafrika walikaa kuzuia taka hatarishi zisiingizwe kwetu, na mkataba wa Basel, ule wa dunia wa kusafirisha taka, tangu Januari 2025 taka za elektroniki zote, hata zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka hadi nchi inayopokea ikubali. Hao wote walikuwa wanaonea maskini?

GASPER: Karatasi hiyo. Kontena likifunguliwa nani anawasha TV moja moja? Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, zile simu zilienda wapi? Madroo, mitaro, Pugu dampo. Nunueni kutoka kwa huyu kijana, mpeni glovu, mashine ya kuchuna waya asichome.

MWANAIDI: Kwa pesa ya nani?

GASPER: Sio ya mnunuzi.

MWANAIDI: Basi hujanijibu.

GASPER: Nimekujibu, hujapenda.

MWANAIDI: Sijapenda na sikubali.

GASPER: Haya, tumebaki na dakika mbili. Yale mambo matano...

MWANAIDI: Hata la kwanza hatujagusa. Nilikuwa na takwimu za Umoja wa Mataifa hapa, mwaka 2022 dunia ilitoa taka hizi tani milioni 62, Afrika inayorejelezwa rasmi haifiki asilimia 1, na betri ya simu iliyovimba usiitoboe jamani, inalipuka. Mengine siku nyingine.

GASPER: Kile kioo kipo mtaroni mpaka leo?

MWANAIDI: Hapana. Nimekiokota na glovu za jikoni, kipo kwenye kiroba cha mchele uani kwa mama, nimekifunikia ndoo. Nimepiga simu sehemu mbili, wote wanataka bodi. Anayejua anayepokea kioo atuandikie, niko serious.

GASPER: Na kitambaa?

MWANAIDI: Flati haina mgongo wa kukilaza. Amekibana juu na vibanio viwili vya nguo.