Siku Kumi na Nne Baada ya Amani

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Baraka kama kawaida. Leo ni mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Shuleni tulikariri kwamba viliisha tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi.

BARAKA: Kwa Ulaya ni kweli, dada. Hati ya kusitisha vita ilitiwa saini alfajiri ndani ya behewa la treni, kwenye msitu wa Compiègne, Ufaransa. Ilipotimia saa tano, mizinga ikanyamaza. Ila huku Afrika kesho yake watu walikuwa bado wanarushiana risasi.

ZUHURA: Wapi hasa?

BARAKA: Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alivuka Mto Ruvuma Novemba 1917 akaingia Msumbiji, akazunguka huko miezi mingi, akarudi kupitia upande wa Songea, kisha akapenya Rhodesia. Huko jeshi lake likauchukua mji wa Kasama. Habari za amani zilimkuta karibu na Mto Chambeshi, baada ya watu wake kumkamata tarishi wa pikipiki wa Waingereza akiwa na telegramu.

ZUHURA: Vita vya dunia nzima, na taarifa ya mwisho wake inapatikana kwa kumkamata tarishi!

BARAKA: Ndiyo hivyo. Ikabidi watembee hadi Abercorn, siku hizi Mbala, wakasalimu amri tarehe 25 Novemba. Wiki mbili kamili baada ya Ulaya. Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na nyuma yao maelfu ya wapagazi, wanawake na watoto.

ZUHURA: Hapo kwenye "nyuma yao" ndipo ninapotaka tukae, kaka. Huwa tunapapita haraka mno. Farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo, barabara hazikuwepo, kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda kichwani mwa mtu. Na wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000. Risasi iliua wachache. Wengine wote waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, njaa.

BARAKA: Na jina lao tunalitamka kila siku. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Midomoni mwetu kikawa Kariakoo pale Dar es Salaam, na Kariokor kule Nairobi.

ZUHURA: Nimenunua vitenge Kariakoo miaka na miaka bila kulijua hilo. Liliniuma nilipolijua.

BARAKA: Mimi upande wa mama ni Mgogo. Bibi alikuwa akitaja Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo. Majeshi yalichukua ng'ombe na nafaka, vijana wakachukuliwa upagazi, kisha mvua ikakosekana. Waliobaki nyumbani wakafa vita vikiwa vinaisha, na hata baada ya kuisha.

ZUHURA: Halafu ikaja homa ya mafua ya 1918. Wale askari wa Abercorn walivushwa Ziwa Tanganyika, wakapelekwa Tabora kuwekwa kambini, na wengi wakafia humo. Mtu ameponea miaka minne ya vita, anakufa kwa mafua akingoja kwenda kwao.

BARAKA: Tarehe 28 Juni 1919 ukasainiwa Mkataba wa Versailles. Ujerumani ikapoteza makoloni yote. Waingereza wakapata nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, Wabelgiji wakapata Rwanda na Burundi, Wareno wakapewa kipande cha Kionga, kusini mwa Ruvuma. Wenyeji hawakuulizwa neno. Ajabu ni kwamba kifungu cha 246 kiliidai Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na fuvu likafika kwao Kalenga, Iringa, mwaka 1954!

ZUHURA: Miaka thelathini na mitano! Na mishahara ya wale askari je?

BARAKA: Lettow-Vorbeck alipokewa kishujaa Berlin, Machi 1919. Askari wake walisubiri hadi 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, wachache wakiwa na vyeti. Asiye na cheti alipewa ufagio ashike kama bunduki, akapigiwa amri za gwaride kwa Kijerumani.

ZUHURA: Wakazikumbuka?

BARAKA: Wanasema hakuna aliyekosea hata mmoja.

ZUHURA: Na wapagazi?

BARAKA: Hawakuwemo kwenye malipo yale, dada.

ZUHURA: Msikilizaji, kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za upagazi, mrekodi wiki hii, hata kwa simu, kisha ututumie. Tutaisikiliza yote.