Mgeni Asiyepuliza Pembe: Kuandika Safari za Wakati Kwenye Uingereza ya Kale

[Muziki wa kufungulia]

BEKA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Beka, na hapa kando yangu kama kawaida yupo dada Mwanahawa. Leo amekuja na daftari nene, kwa hiyo mjiandae.

MWANAHAWA: Daftari ni kwa ajili yako kaka Beka, si kwa ajili yao.

BEKA: Haya, yashaanza. Leo tunazungumzia riwaya za fantasia, hasa zile ambazo mhusika anarudi nyuma karne nyingi na kuangukia Uingereza ya kale. Wafalme, misitu, ngome, wachawi. Wanaotaka kuuliza kwa nini si Kilwa, swali lenu nimelisikia, Kilwa ina zamu yake. Sasa mimi naomba nianze na mashine ya kusafiria wakati. Nikiandika hadithi ya namna hii, kurasa ishirini za mwanzo ni mashine tu. Nyaya, taa, umeme unavyopita...

MWANAHAWA: Kurasa ishirini ambazo mimi naziruka.

BEKA: Jamani!

MWANAHAWA: Kwani As-habul Kahf, wale wa kwenye Qur'ani, walikuwa na mashine? Vijana wameingia pangoni wamelala, wameamka wanadhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Kumbe karne tatu zimekwisha. Wanamtuma mwenzao mjini na pesa ya fedha akanunue chakula, na masimulizi yanasema ile pesa ndiyo iliyowafichua, maana sura iliyochorwa juu yake ni ya mfalme aliyekwishasahauliwa. Hiyo ni safari ya wakati kamili, haina waya hata mmoja.

BEKA: Lakini hao si wa Uingereza.

MWANAHAWA: Ngoja. Wakristo nao wanacho kisa hicho, wanawaita Wale Saba wa Efeso, na Uingereza kilifika zamani sana. Kuna simulizi ya Mfalme Edward, yule aliyefariki Januari 1066. Yuko Westminster kwenye karamu ya Pasaka, mara akacheka peke yake. Wakamuuliza, akasema amewaona wale saba kule pangoni wamejigeuza. Walikuwa wamelalia ubavu wa kulia, sasa wamelalia wa kushoto. Wakubwa wakaona hiyo ni nuksi.

BEKA: Na 1066 ndio mwaka Wanormani walipovamia Uingereza kutoka Ufaransa! Aisee, hapo pana riwaya nzima.

MWANAHAWA: Na hicho si hata kisa nilichokuja nacho. Nilichokuja nacho ni cha Mfalme Herla. Kiliandikwa karne ya 12 na Walter Map, mtu wa baraza la Mfalme Henry wa Pili. Herla alikuwa mfalme wa Wabriton, yaani wenyeji wa kisiwa kile kabla Wasaksoni hawajakichukua. Akajiwa na mfalme wa vibete, wakapatana: nitakuja kwenye harusi yako, na wewe uje kwenye yangu. Kibete akaja na watu wake na vyakula vyao, akalisha umati mzima. Mwaka ulipotimia Herla akaenda kulipa deni. Wakaingia pango kwenye jabali, wakakaa siku tatu kwenye sherehe, wakapewa zawadi. Kwenye kuaga wakakabidhiwa kijibwa kidogo cha kupakata juu ya farasi, na sharti moja: asishuke mtu kwenye farasi mpaka mbwa aruke chini kwanza.

BEKA: Na bila shaka mtu alishuka.

MWANAHAWA: Wakashuka wengine, wakawa vumbi palepale. Lakini kilichonikamata mimi kipo kabla ya hapo. Herla anatoka pangoni anakutana na mzee mchungaji, anamuuliza habari za malkia, mke wake. Mzee anamjibu kwamba anapata shida kumwelewa, kwa sababu yeye ni Msaksoni na mwenzake ni Mbriton. Halafu anasema jina la malkia huyo amelisikia kwenye hadithi za zamani, na Wasaksoni wana miaka mia mbili tangu waichukue nchi.

BEKA: Siku tatu, kumbe miaka mia mbili.

MWANAHAWA: Na anaijua habari hiyo kupitia lugha. Hakuna aliyemwonyesha kalenda. Kamwuliza mtu swali la kawaida, jibu likaja kwa lugha ya watu waliomnyang'anya nchi. Mimi naletewa miswada mingi, na karibu yote inashindwa hapohapo. Mhusika anaanguka mwaka wa 1100, ukurasa wa pili tayari anapiga soga na mfalme.

BEKA: Kwa Kiingereza cha shuleni.

MWANAHAWA: Cha shuleni! Wakati mfalme mwenyewe na wakubwa wake wanaongea Kifaransa cha Kinormani, na mkulima anaongea Kiingereza ambacho hata profesa wa London leo anakisoma kwa kamusi.

BEKA: Sawa, nakubali. Lakini msomaji wangu hakununua kitabu ili amwone mtu anapata tabu ya lugha. Anataka joka.

MWANAHAWA: Mpe joka. Ila kabla ya joka, mwambie mhusika wako apite msituni salama. Nakuchagulia mahali: Kent, kusini mashariki, mwaka 695. Mwaka huo Mfalme Wihtred alitoa sheria zake, na zipo mpaka leo. Kipengele cha mwisho kinasema mtu wa mbali au mgeni akitoka nje ya njia, asipopiga kelele wala kupuliza pembe, achukuliwe kuwa mwizi. Auawe au akombolewe.

BEKA: Hee! Yaani kutembea kimya tu ni kosa?

MWANAHAWA: Ni hodi hiyo, kaka Beka. Kwetu ukiingia uani kwa mtu bila hodi unatazamwa vibaya. Kule unatolewa roho. Sasa huyo msafiri wako kaangukia wapi? Msituni, kila mara ni msituni. Na kwa sababu ameangalia filamu nyingi, anafanya nini?

BEKA: Anajificha. Ananyata.

MWANAHAWA: Anajihukumu mwenyewe. Huhitaji joka kwenye sura ya kwanza, sheria ya mfalme imeshakupa hatari. Na hiyo hatari haihamishiki, huwezi kuichukua ukaiweka Roma au Baghdad. Ni ya Kent ya mwaka ule.

BEKA: Haya, kapigiwa kelele, kakamatwa, hajui lugha. Nani anamkomboa?

MWANAHAWA: Hapo sasa nilikuwa nakusubiri. Mwaka huohuo, Canterbury, hapohapo Kent, mkuu wa monasteri ni Mwafrika.

BEKA: Acha bwana.

MWANAHAWA: Anaitwa Hadrian. Mwanahistoria Bede, aliyeandika miaka thelathini na kitu baadaye, anasema wazi kwamba kwa asili alikuwa mtu wa Afrika, yaani Afrika Kaskazini. Alikuwa abati, yaani mkuu wa monasteri, karibu na Naples, Italia, Papa akamtuma Uingereza pamoja na Askofu Mkuu Theodore, ambaye alitoka Tarso. Wakafungua shule Canterbury. Bede anasema wanafunzi wao walijua Kilatini na Kigiriki kama lugha waliyozaliwa nayo. Theodore alifariki 690, lakini 695 Hadrian bado yupo.

BEKA: Kwa hiyo msafiri wangu nikimtoa Tanga, akawa kijana aliyepitia seminari akatoka na Kilatini chake cha kuungaunga...

MWANAHAWA: Ana mtu mmoja wa kuongea naye, na mtu huyo ni Mwafrika mwenzake, na ni mkubwa ambaye neno lake linaweza kumwokoa. Hakuna uchawi hapo. Ni historia tu.

BEKA: Hiyo inanitatulia jambo jingine. Watu wanasema mhusika mweusi kwenye Uingereza ya kale ni kulazimisha.

MWANAHAWA: Waonyeshe John Blanke. Mpiga tarumbeta wa Mfalme Henry wa Saba na baadaye Henry wa Nane, mweusi, amechorwa na kilemba chake kwenye picha ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511. Hesabu za ikulu zinaonyesha alilipwa peni nane kwa siku, na barua yake ya kuomba aongezewe mshahara ipo.

BEKA: Akaongezewa?

MWANAHAWA: Akaongezewa maradufu. Huyo mtu anastahili riwaya yake mwenyewe, tumwache.

BEKA: Turudi Kent. Mhusika wangu lazima ajue ameangukia mwaka gani. Atauliza.

MWANAHAWA: Na hatajibiwa 695. Zile sheria zenyewe zinasema zimetolewa mwaka wa tano wa utawala wa Wihtred. Hesabu ya miaka tangu kuzaliwa Yesu iliisambaza Bede mwenyewe baadaye. Kwa hiyo msafiri anapewa jina la mfalme, kama hajui historia imekula kwake.

BEKA: Na saa?

MWANAHAWA: Saa ndipo msomaji wa Kiswahili atakapojisikia nyumbani. Watawa waligawa mchana mafungu kumi na mawili kuanzia macheo. Saa ya sita ni adhuhuri. Saa ya tatu ni katikati ya asubuhi.

BEKA: Saa sita mchana! Basi kijana wetu wa Tanga yuko sawa kuliko Mwingereza wa leo akirudishwa kulekule.

MWANAHAWA: Mpaka Desemba imfike. Kwetu mchana haubadiliki sana. Kent mchana wa Desemba ni kama saa nane za saa yako ya mkononi, na wa Juni unapita kumi na sita. Lakini mafungu ni kumi na mawili yaleyale. Kwa hiyo saa moja ya Desemba ni kama dakika arobaini, ya Juni inapita dakika themanini. Mtu ana saa ya betri mkononi, na kila siku inazidi kumdanganya. Hiyo ni fantasia, na hukubuni kitu.

BEKA: Nimeipenda hiyo. Naiiba.

MWANAHAWA: Chukua. Na ukisogea mbele, mambo ya tarehe yanazidi kuwa vituko. Mpeleke akashuhudie Mfalme Charles wa Kwanza anakatwa kichwa, 30 Januari 1649. Afike asubuhi ile aulize mwaka, ataambiwa 1648.

BEKA: Kwa nini?

MWANAHAWA: Kwa sababu kisheria mwaka wao ulianza 25 Machi. Januari na Februari ni mkia wa mwaka uliopita. Halafu nchi za Kikatoliki zilibadili kalenda kuanzia 1582, tarehe zao zikaruka mbele, Uingereza ikagoma. Kwa hiyo mwaka 1600 mtu anaondoka Calais, Ufaransa, tarehe 8 Mei, anavuka bahari, kesho yake yuko Dover tarehe 29 Aprili.

BEKA: [Anacheka] Amerudi nyuma kwa mashua!

MWANAHAWA: Kwa mashua, bila mashine yako. Walikuja kurekebisha 1752. Wakalala Jumatano tarehe 2 Septemba, wakaamka Alhamisi tarehe 14.

BEKA: Siku kumi na moja hazipo. Mimi jini langu ningelifungia humo.

MWANAHAWA: Hiyo sasa nzuri, iandike leo kabla hujaisahau.

BEKA: Twende kwenye uchawi, maana naona dakika zinayoyoma. Wachawi wa Uingereza wanachomwa moto, hilo kila mtu analijua.

MWANAHAWA: Kila mtu analijua na si kweli. Uingereza mchawi alinyongwa. Agosti 1612, Lancaster, watu kumi walinyongwa siku moja. Moto ulikuwa wa wazushi wa dini, na wa mwanamke aliyemuua mumewe. Scotland walichoma, lakini ile ni nchi nyingine na sheria nyingine. Na kuna jambo ambalo waandishi wengi wa kizungu wenyewe wanalikosea, sisi hatuna sababu ya kulikosea: walikuwa na wachawi, na walikuwa na waganga. Mganga unamwendea kwa mali iliyopotea, kwa mapenzi, kwa kuagua nani kakuroga. Sheria ya 1563 ilimgusa naye, kutafuta mali iliyoibwa kwa uganga ilikuwa kifungo cha mwaka mzima, lakini watu waliendelea kwenda.

BEKA: Hapo hata huhitaji kumweleza msomaji wetu. Ameshaelewa.

MWANAHAWA: Ndiyo maana nasema tuna mtaji. Ukirudi kwa Wasaksoni, kuna kitabu cha tiba cha karibu mwaka 1000 chenye dawa ya kichomi cha ghafla. Wanasema mgonjwa ametupiwa mshale mdogo na viumbe wasioonekana. Dawa ni majani ya kuwasha na mengine yaliyochemshwa kwenye siagi, na maneno ya kuuamuru mshale utoke.

BEKA: Katupiwa! Mwandishi wa London inabidi aeleze kurasa tatu hilo. Mimi naandika neno moja.

MWANAHAWA: Moja tu.

BEKA: Chakula haraka haraka, tusije tukaletewa ugali wa mahindi Canterbury.

MWANAHAWA: Hakuna mahindi, hakuna viazi, hakuna nyanya, hakuna chai. Mkate, uji wa shayiri, kabichi, asali, pombe ya shayiri.

BEKA: Sasa nina swali la mwisho ambalo nimelala nalo. Wasaksoni wangu wakiongea, naandika Kiswahili gani? Nilifikiria niwape Kiswahili cha tenzi, kile cha zamani cha Lamu, ili msomaji ahisi ukale.

MWANAHAWA: Usithubutu. Msomaji atasikia Lamu, ataona mitepe na minazi, Kent yote itayeyuka.

BEKA: Lakini wakiongea kama sisi hapa, ukale uko wapi?

MWANAHAWA: Kwenye mambo wanayoyasema. Mtu anayekuuliza bwana wako ni nani kabla hajakuuliza jina lako, huyo ni wa kale hata akiongea Kiswahili cha daladala.

BEKA: Sikubali. Sauti nayo ina kazi yake. Mtu wa 695 hawezi kusema "poa".

MWANAHAWA: Nani kasema "poa"? Nimesema asiongee Kiswahili cha tenzi.

BEKA: Mimi nitaandika sura moja kwa namna yangu, Hadrian na kijana wa Tanga chumbani, Kilatini nitakiweka kwenye Kiswahili cha ushairi, nikuletee tuisome hapa hewani.

MWANAHAWA: Lete. Nami naja na kalamu nyekundu.

BEKA: Wasikilizaji mmesikia, wiki ijayo ni vita. Kwaherini.

[Muziki]