Kalamu ya Januari

Mabibi na mabwana, nianze na tarehe. Agosti 1984, kwenye mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu jijini Mexico City, serikali ya Ronald Reagan ilitangaza sharti: shirika la kiraia la nje ya Marekani likitaka fedha za Marekani za uzazi wa mpango, lisitoe mimba wala kuitetea huduma hiyo kama njia ya uzazi wa mpango. Clinton akaifuta sera hiyo Januari 1993. Bush mdogo akairudisha Januari 2001. Obama akaifuta Januari 2009, Trump akairudisha Januari 2017, Biden akaifuta Januari 2021, Trump akairudisha Januari 2025. Mnacheka. Januari zote!

Kuna jambo wengi hulichanganya. Fedha za Marekani kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango nchi za nje zilikwisha kukatazwa na Bunge la Congress tangu 1973, na katazo hilo halijaondoka hata siku moja, awe madarakani nani. Sera ya Mexico City hufuata fedha nyingine: zile ambazo shirika limepewa na mfadhili mwingine kabisa. Ukizitumia hata kumwelekeza mama pa kwenda, umekosa fungu la Washington. Wapinzani wake huiita kanuni ya kufunga midomo, na kwa hili siwezi kuwabishia.

Sasa tazameni kinachotokea kliniki. Shirika likikataa kutia sahihi sharti hilo, halipotezi dawa za kutoa mimba. Hazikuwa za Marekani. Linapoteza sindano za kuzuia mimba, vijiti, mishahara ya wauguzi. Sindano iliyozoeleka hudumu miezi 3. Mama aliyechomwa Novemba anatakiwa kurudi Februari, na Februari hiyo anakuta mlango una kufuli. Mimba haingojei uchaguzi mwingine. Watafiti waliolinganisha nchi 26 za Afrika Kusini mwa Sahara, kwa miaka ya 1995 hadi 2014, walikuta kwamba zile zilizotegemea zaidi fedha za Marekani, sera ikiwapo, matumizi ya uzazi wa mpango yalishuka na utoaji mimba ukapanda kwa takriban asilimia 40 kuliko kwingine. Someni tena lengo la sera, kisha msome matokeo.

Tena 2017 sharti lilitanuliwa likagusa karibu misaada yote ya afya, UKIMWI na malaria zikiwamo.

Wala si Marekani peke yake. Uingereza, 2021, ilipunguza mchango wake kwa mpango wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, wa kununua vifaa vya uzazi wa mpango, kutoka pauni milioni 154 zilizotarajiwa hadi milioni 23, bila ubishi wowote wa maadili. Walikuwa wanabana matumizi tu. Kwa mama aliyekosa sindano, sababu hiyo ina tofauti gani? Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada.