Kabla ya Kununua Diski Kubwa: Mhadhara kwa Wenye Pikapu za Mizigo na Mafundi, Nakuru

Mabibi na mabwana, mafundi na wenye magari, asanteni kwa kuja. Namna breki za mafuta zinavyofanya kazi nitairuka, maana kila aliyeketi hapa anaijua. Naenda moja kwa moja kwa swali ninaloulizwa kila mara na mwenye pikapu kuukuu ya mizigo: "Nifunge diski kubwa zaidi mbele?" Jibu langu halijabadilika. Fungua dramu za nyuma kwanza, zile ngoma za breki za magurudumu ya nyuma, utazame.

Ukikuta pedi za mbele, vile vipande vinavyobana diski, zimekwisha, diski zimegeuka samawati kwa joto, na laini za nyuma, zile zinazosugua dramu kwa ndani, bado nene kama zilivyotoka dukani, basi gari lako linasimamishwa na magurudumu mawili. Diski mpya ya mbele, hata iwe kubwa vipi, haitaziamsha breki za nyuma. Na nyuma ndiko uliko mzigo!

Mbona za nyuma hazifanyi kazi? Tazama chini ya gari, juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani utaona valvu imefungwa kwenye fremu, na mkono wake umeunganishwa na ekseli. Hiyo ni valvu ya mzigo. Gari likiwa tupu, fremu iko mbali na ekseli, nayo valvu inapunguza presha ya mafuta yanayokwenda nyuma ili magurudumu yasijifunge, yaani yasiache kuzunguka na kuteleza. Gari likipakiwa, fremu inashuka, mkono unasogea, na nyuma kunapata presha zaidi. Ni kifaa kizuri sana, lakini kinasoma kimo tu. Uzito wenyewe hakiujui.

Sasa mkulima wa Molo au Mau Narok anataka kubeba viazi. Anaongeza majani mawili ya springi. Gari linapanda nyuma milimita 50, linapendeza, na hakuna anayeikumbuka valvu. Kuanzia siku hiyo valvu inasoma kwamba gari ni tupu kuliko tupu. Pakia tani nzima: springi mpya ni ngumu, haziinami kama za mwanzo, kwa hiyo hata mzigo ukijaa valvu inaona sehemu yake tu. Unateremka Sachangwan na tani mgongoni huku breki za nyuma zikipewa presha ya gari tupu. Kisha tunasema pedi za siku hizi ni mbovu!

Kabla hujaongeza hata jani moja, egesha gari tupu mahali tambarare, pima kutoka ekseli hadi fremu, andika hizo milimita. Ukimaliza kufunga springi, pima tena. Tofauti utakayoipata ndiyo kimo cha kupandisha kishikio cha chini cha mkono wa valvu, kile kilicho kwenye ekseli. Gari likipanda 50, nacho kipandishwe 50. Kitengenezwe kwa bamba nene la chuma na kifungwe kwa bolti. Kisichomelewe kwenye ekseli, maana joto la kuchomelea linaweza kuipinda. Uhakikishe pia mkono wa valvu unacheza. Tope la murram na kutu huugandisha, na ukiganda, marekebisho yote hayo ni bure.

Kishikio kikishapandishwa, kipimo cha gari tupu kimerudi, lakini ule ugumu wa springi bado haujashughulikiwa. Hapo zinahitajika geji mbili za presha, moja kwenye skrubu ya kutolea hewa ya kaliperi ya mbele (ile inayobana pedi kwenye diski), nyingine kwenye ya silinda ya gurudumu la nyuma. Weka mzigo unaotajwa kwenye kitabu cha gari hilo, kanyaga breki, linganisha mbele na nyuma, kisha rekebisha urefu wa kiungo cha mkono hadi namba zikubaliane na kitabu. Halafu jaribu gari tupu kwenye murram yenye unyevu, mahali pa wazi, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya mbele ndiyo yatangulie kujifunga. Yakitangulia ya nyuma, rudi ukapunguze presha ya nyuma.

Najua kuna atakayesema, "Mbona nisiing'oe valvu niunganishe paipu moja kwa moja?" Naombeni tuliache hili. Bila valvu, gari tupu kwenye lami yenye mvua hufunga magurudumu ya nyuma kwanza, na mkia unageuka kutangulia mbele. Dereva anayerudi shambani bila mzigo ndiye anayelipia. Usikubali kufungiwa hivyo, hata fundi akikupunguzia bei.

Tukitoka hapo, busta, kile kifaa kinachotumia ombwe kuongezea mguu wako nguvu. Injini ya dizeli haina ombwe la bure kama ya petroli. Ina pampu yake, ambayo kwenye nyingi za zamani imefungwa nyuma ya alteneta. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie chini kwa mguu, kisha washa. Lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, kagua pampu, hozi na valvu ya kuzuia hewa isirudi, kabla hujagusa kitu kingine. Tena busta husukumwa na uzito wa hewa ya nje. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 28 kuliko Mombasa. Pampu iliyochoka ambayo Kisumu haikusumbui, Timboroa itakuacha ukikanyaga jiwe.

Ikiwa nyuma kunafanya kazi na busta ni nzima, sasa tuongee diski kubwa. Gari la tani 3 pamoja na mzigo, kila linaposhuka mita 500, linatoa nishati ya karibu megajuli 14.7. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi, na kisichozuiwa na injini, matairi na upepo kinaishia kwenye breki. Kwa hiyo diski nene yenye matundu ya hewa katikati ina faida ya kweli. Lakini kaliperi yenye pistoni kubwa inataka mafuta mengi zaidi, na pedali itashuka. Hapo watu hukimbilia masta silinda kubwa, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali. Ukitoka inchi 7/8 hadi inchi 1, eneo linaongezeka asilimia 31, na kwa nguvu ile ile ya mguu presha inapungua asilimia 23. Pedali inakuwa ngumu, dereva anafurahi, na gari linasimama vibaya zaidi. Kaliperi na masta silinda zipangwe pamoja, kwa hesabu.

Muda unanibana. Mafuta ya breki: DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta hayo) ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155. Badilisha yote kila miaka miwili, na kopo lililokaa wazi usilitumie. Kutoa hewa kwenye paipu za breki: usukani wetu uko kulia, masta silinda pia, kwa hiyo kwa kawaida anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha valvu ya mzigo kama ina skrubu yake, halafu mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Hozi za mpira zilizozeeka huvimba kwa ndani na kuzuia mafuta kurudi. Breki upande mmoja ikibaki imekamata, shuku hozi kabla ya kaliperi. Habari ya kugeuza dramu za nyuma kuwa diski sitaiingia leo, ila uliza kwanza breki ya mkono itafungwa wapi.

Na pedi mpya zisipewe mzigo siku hiyo hiyo. Punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu hadi diski zipoe. Ukirudi, kaza nati za magurudumu upya.