Pointi 50: Rekodi za Askari wa Akiba wa Anga

Mabibi na mabwana, na hasa nyinyi maafisa utumishi mliovumilia msongamano wa Thika Road kufika hapa, karibuni.

Nazungumzia akiba ya jeshi la anga la Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1948, kwa kuwa pale ndipo inapoonekana wazi kwamba siku isiyoandikwa haimletei askari pensheni.

Askari wa akiba huwa na kazi yake ya kawaida, na kwa kawaida huripoti kambini wikendi moja kila mwezi. Kipindi cha saa nne humpa pointi moja, na wikendi ina vipindi vinne. Kwa miezi 12 hizo ni pointi 48. Mafunzo ya mwaka, tuseme ya siku 14, ni pointi moja kwa siku. Ongeza 15 za uanachama, anazopewa kwa kuwa tu kwenye orodha. Jumla 77.

Mwaka huhesabika ukifikisha pointi 50, na ili kupata pensheni inatakiwa miaka 20 ya namna hiyo. Mwenye 49 hapotezi pointi zake, zitaingia katika kukokotoa kiasi cha pensheni. Mwaka wenyewe ndio anaoupoteza, na atalazimika kutumikia mwingine.

Hapa ndipo wengi huumia: mwaka huo si wa kalenda. Huanzia tarehe aliyojiunga. Aliyeingia Aprili 10 hufunga mwaka Aprili 9. Akiwa na pointi 46, akaahirisha wikendi ya mwanzo wa Aprili hadi katikati ya mwezi, zile nne zinaangukia mwaka mpya. Amefanya kazi ileile, kwa saa zilezile, na mwaka umeharibika. Karani mwema humpigia simu miezi mitatu kabla. Naamini huo ni wajibu wake, si hisani.

Sasa fedha. Gawanya pointi zote kwa 360 upate miaka ya kukokotoa malipo, ambayo si ile 20 ya kustahili. Pointi 2,880 ni miaka 8. Kwa waliojiunga kabla ya 2018 na wakabaki katika mpango wa zamani, zidisha kwa asilimia 2.5: asilimia 20 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 ya juu kabisa. Kwa walio katika mpango mpya kiwango ni asilimia 2, yaani 16.

Umri wa kuanza kulipwa ni 60. Baadhi ya utumishi wa wakati wote uliofanywa baada ya Januari 28, 2008 huushusha kwa miezi mitatu kwa kila siku 90, ila hauendi chini ya 50. Si kila amri ya kuitwa kazini inastahili, kwa hiyo hifadhini nakala ya amri yenyewe pamoja na hati ya malipo. Mfumo unaweza kuonyesha siku bila kuonyesha aliitwa kwa sheria gani.

Akitimiza miaka 20 hupelekewa barua, na ana siku 90 za kuchagua ulinzi wa pensheni kwa mwenzi wake, yaani mwenzi alipwe sehemu yake askari akifariki. Kukataa au kuahirisha kunahitaji idhini ya mwenzi huyo. Barua ikienda kwenye anwani ya zamani, mjane ndiye atakayehangaika. Na pensheni yenyewe haiji kwa sababu tu umri umefika. Lazima aiombe, na maombi hayo hupitia kituo cha utumishi wa akiba kilichoko Buckley, Colorado.